Kanzu Nyeupe na Mikono Iliyoifua

Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema kisiwa kile kilinunuliwa kwa nguo. Ali bin al-Hasan, mgeni kutoka Shirazi, alipotia nanga alimkuta mwenye kisiwa, mtawala asiyekuwa Mwislamu, akamwomba amuuzie mahali pa kukaa. Bei ikatajwa: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akakubali. Akatandaza nguo nyeupe, nyeusi na za kila rangi mpaka duara likafunga. Mwenye kisiwa akazikusanya zote, akavuka kwenda bara, na mji ukaanza.

Wanahistoria huichukua habari hii kama ngano ya asili ya watawala, wala si stakabadhi ya mauzo. Hata hivyo ngano husema kweli ya aina yake. Katika kisa hiki nyeupe haiko juu wala nyeusi haiko chini. Kinachohesabiwa ni urefu wa kitambaa. Miaka mia kadhaa baadaye, pwani hiyohiyo, mtu angeweza kukatazwa kuvaa nguo nyeupe ndefu kwa sababu tu ya mama aliyemzaa. Hapo katikati kuna historia ndefu, na sehemu kubwa yake imehifadhiwa na wasimulizi, ambao siku zote wamejua kwamba mhusika huvikwa kwanza ndipo aanze kusema.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Msafiri huyo anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani hakubishana naye. Alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, kisha akamwambia fakiri aingie azichukue. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazikomboa nguo zile kutoka kwa fakiri kwa watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru yule fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hukaririwa kama kisa cha ukarimu, na kwa fakiri kilikuwa ukarimu kweli. Mimi kila nikikisoma macho huniendea kwa wale watu ishirini. Hawana majina, hawasemi neno, na hatuambiwi walivaa nini siku hiyo. Nguo za mwili mmoja zimewekwa mizani moja na watu kumi, na msimulizi anapita bila kusita. Huo ndio uzi ninaotaka kuufuata: vazi linang'aa katikati ya hadithi, na aliyelilipia yuko pembeni.

Weupe wenyewe uliingia kwa mlango wa dini. Mtume alihimiza waumini wavae nguo nyeupe na wawakafini maiti wao kwazo, na pwani iliyapokea maagizo hayo kwa moyo wote. Sanda ni nyeupe, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Ihramu ya mahujaji wanaume ni shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, na maana yake inaeleweka hata na mtoto: mbele ya Mungu hakuna mkono wa joho wala nakshi ya kumtenga tajiri na maskini. Weupe wa dini, basi, unasawazisha. Weupe wa mjini ukaja kufanya kinyume chake kabisa, na biashara ndiyo iliyoupa nguvu.

Mwaka 1833 Mmarekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikebu za Salem zilileta shehena za kitambaa cha pamba, kigumu, kisichopaushwa, cheupe chenye umanjano kidogo. Wenyeji wakakiita merikani. Kilidumu, kilifulika, na kila kilipofuliwa kilizidi kung'aa. Kikapanda bara kama fedha. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari na msafiri, alipofunga mizigo yake Unguja mwaka 1871 aliwauliza wafanyabiashara Waarabu gharama za njia, akaambiwa kwamba msafara wa watu mia moja unataka doti kumi za nguo kwa siku kununulia chakula tu. Doti ni mikono minane. Kwa hesabu hiyo, kila jioni msafara ulipiga kambi ukiwa umekula mikono themanini ya kitambaa.

Na pamba ile ilitoka wapi? Viwanda vilikuwa vya kaskazini ya Marekani, lakini pamba ililimwa na kuchumwa kusini na watu waliokuwa watumwa, wengi wao wazao wa Waafrika waliovushwa bahari ya magharibi. Wakati huohuo meno ya tembo yaliyolipiwa kwa merikani yalishushwa pwani ya mashariki na wapagazi na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoifanya pamba iadimike, biashara ya merikani ya Salem ikayumba, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza pengo. Sijui kitambaa kingine kilichofunga utumwa wa mabara mawili kwa mfumo mmoja namna hii huku chenyewe kikionekana kisafi.

Kuna safari moja ambayo ndani yake kitambaa cha pamba kilikuwa sanda, mzigo na kificho kwa wakati mmoja. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake, wakauzungushia kaliko, wakaufunga ndani ya gome la mti na juu yake turubai. Walipopata habari njiani kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti ipite, waliufungua mzigo na kuufunga upya ufanane na mtumba wa kawaida wa safari, wakaeneza habari kwamba maiti imerudishwa nyuma ikazikwe. Ukapita. Katika njia ambayo kila bega lilibeba nguo, nani angeutilia shaka mtumba mmoja zaidi? Walifika Bagamoyo Februari 1874. Uingereza ilimlilia Livingstone kwa miaka. Werevu wa watu waliomvika na kumbeba ulitajwa kwa sauti ndogo.

Sasa turudi mjini. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza bila kuzungusha maneno kwamba hapo zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia, wala kanzu ya kufunika miguu, wala viatu mjini. Mwanamume mtumwa alijifunga shuka ya merikani kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, kitambaa cha rangi nzito ya nili, karibu na weusi, ambacho hakionyeshi uchafu. Muungwana alishuka barazani na kanzu ya bafta au ya melimeli, shingoni imetiwa nakshi ya uzi wa hariri, kofia kichwani, makubadhi miguuni. Mtu hakuhitaji kuulizwa ni nani. Alisomwa tangu pembeni mwa mtaa.

Ukitaka kuielewa nguvu ya kanzu ile, iangalie siku ya kufuliwa. Maji yalichotwa kisimani kwa ndoo na mitungi. Kanzu inalowekwa, inasuguliwa sabuni ukosi na pindo, maana hapo ndipo jasho na vumbi hukaa, kisha inakunjwa na kupigwa jiweni mpaka maji yatoke masafi. Inaanikwa juani ipaukie. Inatiwa buluu kidogo kuua umanjano, kidogo tu, maana ikizidi kanzu inageuka rangi ya samaki. Inachovywa kwenye maji ya wanga, inakaushwa nusu, kisha pasi ya mkaa inapitishwa kwa hadhari, cheche moja isidondoke. Kazi ya siku nzima ya mikono ya mtu, na mvaaji ataivaa toka alasiri mpaka isha. Keshokutwa inaanza tena. Kwa hiyo weupe ulisema jambo moja waziwazi: huyu hashiki jembe, hapakui mashua, habebi kuni, na yuko mtu wa kumfulia. Weupe wa muungwana ulikuwa jasho la mwingine lililokwisha kusuuzwa.

Wasimulizi walilijua hilo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Zingatia tarehe: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa hiyo hadithi hii ilisimuliwa huku soko bado liko wazi, mwendo wa miguu tu kutoka palipokaliwa na wasimulizi.

Maskini Hamdani anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa, na paa yule anasema kama mtu. Anapokwenda malishoni anafukua almasi, na badala ya kuileta nyumbani anakimbia nayo hadi kwa sultani wa nchi ya mbali, akimwambia ametumwa na bwana wake Sultani Darai, anayetaka kumwoa binti yake. Hakuna Sultani Darai. Yuko Hamdani wa jaani na matambara yake. Paa anamchukua bwana wake mpaka karibu na mji ule, anamwacha porini, anakwenda kupiga yowe kwamba wanyang'anyi wamewavamia na kumvua bwana kila kitu. Sultani analeta farasi na mavazi ya kifalme. Paa anampeleka Hamdani mtoni, anamwambia aoge vizuri, asugue meno kwa mchanga, ndipo avae. Anapotoka majini na kuvaa, Darai amezaliwa. Mji mzima unamlaki.

Sehemu ya mto ndiyo inayonishika. Msimulizi angeweza kumvika Hamdani moja kwa moja. Lakini anamwosha kwanza, hatua kwa hatua, kama kitambaa kinachotayarishwa. Wasikilizaji wa Unguja, huru na watumwa, walijua maana ya kuvua alama za jaani na kuingia katika nguo ya mwingine, na walijua kwamba baada ya hapo hakuna atakayeuliza.

Kisha hadithi inageuka kuwa kali. Paa anamuua joka la vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba iliyojaa mali. Anaugua. Anamtuma mtu amwambie bwana wake, na Hamdani, sasa Darai, anajibu apikiwe uji wa mtama. Mtama uleule wa jaani. Mke anamsihi, watu wanalia, yeye hasikii. Paa anakufa na mzoga wake unatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwao, na mume anaota yuko jaani. Kunapopambazuka yuko jaani kweli, anachakura. Aliyemwosha na kumvika amekufa, na nguo zimeondoka naye. Nakihesabu kisa hiki kuwa hukumu nzito kuliko mahubiri yote yaliyotolewa Unguja juu ya mabwana na watumwa wao, na kilitoka kinywani mwa wenyeji wenyewe.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuifuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani, na wengi hawakwenda. Lakini mahakama ya pili ilikuwa dukani. Katika miaka iliyofuata wanaume waliokuwa watumwa walinunua kanzu na kofia, wakaingia nazo msikitini na barazani. Hapakuwa na hati iliyosomeka haraka kuliko hiyo.

Wanawake walifanya jambo jingine, na naona halijasifiwa vya kutosha. Walipoitupa kaniki hawakukimbilia nyeupe, walikimbilia rangi. Kanga ilikuwa imekwisha kuzaliwa pwani katika miaka ya 1870 na 1880 kutokana na leso zilizoungwa, na mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, alifungua biashara yake ya kanga Mombasa. Nyekundu, njano, mistari, korosho, baadaye na maneno. Mwanamume huru alitaka afanane na aliyekuwa bwana wake. Mwanamke huru alitaka asifanane na mtu yeyote aliyewahi kumtuma kisimani. Nadhani mwanamke aliona mbali zaidi, kwa sababu ndiye aliyejua vizuri kuliko wote nyeupe inafuliwaje.

Weupe haukuishia kwa binadamu. Katika uganga wa pwani ruhani ni majini wa Kiislamu wenye asili ya Uarabuni, wanaopenda usafi. Aliyepandwa na ruhani huvaa nyeupe, hufukiziwa udi na kurashiwa marashi ya mawaridi, ilhali pepo wengine hudai vitambaa vya rangi nyingine na vyakula ambavyo ruhani hawavigusi. Hata kwa wasioonekana kuna baraza na kuna uani.

Na kuna yule jini wa masimulizi ya usiku, ambaye mtoto wa Mombasa, Tanga au Unguja amemsikia kabla hajajua kusoma. Mtu anarudi kwake usiku wa manane. Anakutana na bwana mrefu mwenye kanzu nyeupe pe, ananukia vizuri, anatoa salamu kwa adabu. Wanakwenda pamoja. Kisha upepo unainua pindo, na msafiri anaangalia chini: kwato. Nimesikia watu wakisema kwato ni kitisho cha kuwalaza watoto. Naona kuna zaidi. Katika mji ambao kanzu ya kufunika miguu ilikuwa haki ya wachache, mguu ndio uliosema siri ya mtu. Pekupeku ni mtumwa, makubadhi ni muungwana. Hadithi imebeba hofu ya enzi hizo: kwamba nguo safi kuliko zote inaweza kufunika kitu usichokitaka, na kwamba mwenye akili huangalia pindoni.

Bara nako kanzu ilianza hadithi yake. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda kutoka pwani mwaka 1844, enzi ya Kabaka Suuna. Mpelelezi Mwingereza Speke alipomwona Kabaka Mutesa mwaka 1862, kabaka alikuwa amevaa vazi jipya la gome la mti, olubugo. Stanley alipomwona mwaka 1875 alikuwa na tarbushi, joho jeusi na shati jeupe lenye mshipi wa dhahabu. Miaka 13 tu. Leo kanzu yenye nakshi nyekundu kifuani ni vazi la heshima la mwanamume wa Buganda, harusini na kwenye kwanjula, sherehe ya posa, wala hakuna anayeihesabu kuwa ya kigeni. Gome la mti halikufa. Limebaki vazi la matanga na sanda. Baganda walivipa vitambaa viwili kazi mbili, na maiti haikupewa nyeupe.

Kisha wakaja wakoloni na kuipindua maana yake. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani zikawa sare ya watumishi wa mezani, hotelini na majumbani mwa Wazungu. Vazi ambalo mtumwa wa mwaka 1890 hakuruhusiwa kulivaa, mjukuu wake wa mwaka 1930 alilazimishwa kulivaa, akiwa mtu mzima mwenye watoto, na bado akaitwa boi. Katika vitabu vya walowezi anaonekana mlangoni na sinia, mweupe toka shingoni hadi kifundoni, hana ukoo wala hasira. Jioni alivua sare, akaikunja, akarudi kwake. Ijumaa, kama alikuwa Mwislamu, alivaa kanzu nyingine, aliyoinunua mwenyewe, akaenda msikitini. Kanzu mbili, kitambaa kimoja, na kila mmoja wa jirani zake alijua ipi ni ipi.

Waandishi wetu wa hadithi bado wanawavika wahusika nyeupe kila wanapotaka kutuonyesha wema, uchamungu au mauti, na wasomaji tunaipokea bila kuuliza. Nawaomba wasiishie hapo. Mwandishi anayemtoa shehe mlangoni na kanzu iliyonyooka, na atuonyeshe pia nani aliamka alfajiri kuchota maji. Na wewe msomaji, ikiwa bado una bibi au babu aliyekulia Lamu, Pangani, Bagamoyo au Unguja Mjini, mketishe, umuulize utotoni mwake nguo za nyumbani zilifuliwa na nani, wapi, na mtu huyo aliitwa nani. Andika jina hilo, maana vitabuni halimo.